Rama, Pete au Msitu Wenye Giza: Riwaya Ipi ya Kisayansi Inastahili Uvumilivu Wako?

Msomaji wa Dar es Salaam anayependa riwaya za kisayansi huzipata kwa njia chache: meza za vitabu vilivyotumika katika mitaa ya Posta na Samora, maduka machache ambayo bei zake humfanya mtu arudishe kitabu rafuni, au ndugu anayerejea kutoka safari. Mara nyingi fedha iliyopo mfukoni hutosha kitabu kimoja tu, kwa hiyo kuchagua ni jambo la lazima. Ugumu unaongezeka kwa sababu vitabu kadhaa vilivyobuni ulimwengu kwa ustadi mkubwa kabisa katika fani hii ndivyo pia vyenye wahusika wasiokaa moyoni na maneno ya kumshusha hadhi mwanamke. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya msomaji, hasa wa kike, anayetaka kuustaajabia ulimwengu wa namna hiyo bila kujifanya hakuiona kasoro.

Ninalinganisha vitabu vitatu. Cha kwanza ni Rendezvous with Rama cha Arthur C. Clarke, kilichotoka mwaka 1973. Cha pili ni Ringworld cha Larry Niven, cha mwaka 1970. Cha tatu ni The Dark Forest cha Liu Cixin wa China, kilichochapishwa kwa Kichina mwaka 2008 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2015, ambacho ni cha pili katika mfululizo wa vitabu vitatu. Kipimo changu kikuu si wingi wa kasoro. Ninachouliza ni mahali kasoro ilipokaa, kwa maana nyumba yenye rangi mbaya ukutani mtu anaweza kuhamia leo na kuipenda, lakini nyumba ambayo nguzo yake imesimikwa mahali pasipofaa itamsumbua kila siku hata kama madirisha yake yanatazama bahari.

Kabla ya kuvifikia vitabu vyenyewe, ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo katika mabishano yetu ya usomaji huchanganywa mno. Kuna wahusika wembamba, na kuna dharau. Wahusika wembamba peke yao si dhambi. Sisi tuliosoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, tuliipenda ile nchi iliyo angani pamoja na kesi ya Karama mbele ya mfalme, na hakuna aliyelalamika kwamba wale wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali hawakuchorwa kwa undani wa tabia. Kila mmoja alibeba wazo lake, na wazo lilitosha. Riwaya inayojenga ulimwengu ina haki ya kuwatumia watu wake kama macho ya kuutazamia ulimwengu huo. Dharau ni jambo jingine, kwa sababu hapo mwandishi anatwambia, akijua au asijue, kwamba nusu ya binadamu hawana macho yanayofaa kutazamia chochote.

Tuanze na Rama. Katika mwaka 2131 wa riwaya hiyo, kitu kikubwa kutoka nje ya mfumo wa Jua kinaonekana kikija, na kinapochunguzwa kinadhihirika kuwa silinda iliyotengenezwa, yenye urefu wa kilomita 50 na kipenyo cha kilomita 20, inayojizungusha mara moja kila dakika nne. Clarke anazichukua takwimu hizo chache na kuzifuata kwa uaminifu usioyumba. Kwa kuwa silinda inazunguka, uzito wa watu waliomo ndani unatokana na mzunguko huo. Kwenye mhimili wa katikati mwanaanga anaelea, na kadiri anavyoshuka ngazi kuelekea ukuta wa ndani ndivyo mwili wake unavyokuwa mzito, hadi kufikia zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake wa Duniani. Akisimama kwenye uwanda, ardhi inapanda kulia na kushoto kwake mpaka inakutana juu ya kichwa chake. Katikati ya silinda kuna bahari iliyojizungusha ukutani, ambayo imeganda kwa sababu ya safari ndefu katika baridi ya anga, na Rama inapolikaribia Jua joto linapenya ganda la nje, kwa hiyo barafu inayeyuka kuanzia chini kwenda juu. Hewa inapopata joto inaanza kusafiri, na kwa sababu ya mzunguko ule ule dhoruba inazaliwa. Mkazi wa Dar anaweza kuyapima haya kwa safari anazozijua: urefu wa Rama unazidi mwendo wa kutoka Posta hadi Kibaha, na upana wake wa ndani, ambao ni kilomita 16, unakaribiana na njia ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Jambo ninalolipenda kuliko yote katika kitabu hiki ni ukingo wa bahari hiyo. Upande wa kaskazini genge lina kimo cha mita 50, na upande wa kusini lina mita 500. Wanaanga wanaiona tofauti hiyo mapema na hawaielewi, kisha wanang'amua kwamba siku Rama itakapoongeza mwendo, maji yote yatasukumwa upande mmoja, na genge refu limejengwa ili yasimwagike. Hakuna mhusika aliyehitaji kulia wala kupenda ili nishtuke pale. Ukuta mtupu ulitosha kunieleza kwamba wenyewe wa chombo kile walikuwa na nia na walijua waendako.

Sasa kasoro. Nahodha Norton ni mchapakazi, mwadilifu na mwenye adabu, na msomaji akishafunga kitabu humsahau upesi. Hilo nalisamehe kwa sababu niliyoitaja. Nisichokisamehe ni kile kifungu ambacho Norton anawaza kwamba baadhi ya wanawake wasingeruhusiwa katika vyombo vya anga, kwa kuwa mahali pasipo uzito vifua vyao huwavuruga wanaume akili, na anaamini kwamba ajali moja kubwa angalau ilisababishwa na afisa wa kike aliyepita tu katika chumba cha kuongozea chombo. Wapo wanaosema huo ni utani wa zama zake. Clarke aliandika haya miaka kumi baada ya Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda angani, kuizunguka Dunia mara 48 peke yake, mwezi Juni mwaka 1963, na chombo chake kilitua salama. Tena utani huo una hoja ndani yake: mwanamke anafanya kazi yake, mwanamume anashindwa kufanya yake, na lawama inamwendea mwanamke. Dada yeyote wa mji huu aliyewahi kuambiwa kwamba mavazi yake ndiyo yaliyomfanya konda amtolee maneno machafu ataitambua hoja hiyo mara moja, hata ikivalishwa suti ya mwanaanga.

Norton pia ana wake wawili, mmoja Duniani na mwingine Mirihi. Kwetu ndoa ya wake wawili si ajabu, na sitajifanya kuishangaa. Kinachonisumbua ni kwamba wake hao wanatajwa kama anwani mbili za barua, wala hatupati nafasi ya kujua wanaionaje hali yao.

Hata hivyo, ukikiondoa kifungu kile cha Norton, Rama yote inabaki ilivyo. Bahari itayeyuka vile vile, na lile genge la kusini halitapungua hata mita moja. Zaidi ya hapo, daktari wa chombo, Laura Ernst, ni mwanamke aliyepewa kazi ya kweli na akili ya kweli, jambo linaloonyesha kwamba ulimwengu wa Clarke ulikuwa na nafasi ambayo nahodha wake hakuiona. Hii ndiyo ile kasoro ya rangi ya ukutani. Inaudhi, nami ninasema wazi kwamba inaudhi, lakini haijashika paa.

Ringworld ina ulimwengu mkubwa kuliko vyote vitatu, na ndiyo inayonisikitisha zaidi. Chukua nyota inayofanana na Jua, uizungushie pete iliyo mbali nayo kiasi Dunia ilivyo mbali na Jua, yaani takriban kilomita milioni 150. Pete hiyo ina upana wa kilomita milioni 1.6 hivi. Kingo zake zina kuta za kimo cha kilomita 1,600 zinazozuia hewa isimwagike, nayo inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,240 kwa sekunde ili wakazi wa uso wake wa ndani wapate uzito. Mabamba makubwa yaliyo karibu zaidi na nyota hukinga mwanga kwa zamu, ndipo usiku unapopatikana. Eneo la kuishi ni takriban mara milioni tatu ya uso wote wa Dunia.

Niven hakuishia kwenye ukubwa. Alijiuliza nini kitatokea ustaarabu wa mahali kama pale ukianguka, na jibu lake ni miongoni mwa mawazo mazuri sana niliyowahi kukutana nayo katika fani hii. Pete haina tumbo. Ukichimba chini unakuta sakafu iliyotengenezwa, hakuna mwamba wenye madini. Watu wakipoteza mitambo yao hawawezi kuanza upya kwa kuyeyusha chuma kama walivyofanya babu zetu, kwa kuwa chuma cha kuchimba hakipo. Msomaji wa nchi yenye Geita na Mwadui atakaa na wazo hilo kwa muda, akitafakari ni kwa kiasi gani historia yetu yote imetegemea kile kilichofukiwa ardhini kabla binadamu hajazaliwa. Kuna pia mlima mrefu kupita kiasi ambao si volkano wala mkunjo wa ardhi, umetokana na kitu kilichoigonga pete kutoka upande wa chini na kuisukuma sakafu yake juu.

Ndani ya ulimwengu huo mpana anaingizwa Teela Brown. Ana miaka 20, na mwenzake wa safari ambaye pia ni mpenzi wake, Louis Wu, ana miaka 200. Amechukuliwa safarini kwa sababu mababu zake wa vizazi kadhaa walizaliwa kwa kushinda bahati nasibu ya uzazi, na viumbe wengine wanaamini kwamba bahati imekuwa sifa ya damu yake. Wazo lenyewe linavutia, ila limemgeuza mtu kuwa kifaa. Teela hajui maumivu, kwa hiyo hajui lolote. Louis anamweleza, anamwelekeza, analala naye na kumhukumu, na mwishoni anakabidhiwa kwa mwanamume mwingine wa kumlinda. Mwanamke wa pili, Prill, ni mkazi wa pete mwenye umri mkubwa na ujuzi wa miaka mingi, lakini kazi aliyokuwa nayo katika chombo chao ilikuwa kuwaridhisha wanaume. Kisha kuna jambo lililo zito zaidi: jamii mbili za viumbe wageni katika riwaya hii, Kzinti na Puppeteer, zina majike wasio na akili. Kosa likitokea mara moja mtu anaweza kulihesabu kama ajali ya ubunifu. Hapa limejirudia katika kila pembe, na msomaji anaanza kuiona nguzo.

Katika mkutano wa dunia wa wapenzi wa riwaya za kisayansi uliofanyika Boston mwaka 1971, wanafunzi wa chuo cha MIT walipita kwenye korido wakiimba kwamba pete hiyo haiwezi kutulia mahali pake. Walikuwa sahihi, kwa kuwa pete ngumu ya aina ile ikisogea kidogo tu itaendelea kusogea hadi iigonge nyota yake. Niven alilijibu suala hilo katika kitabu kilichofuata kwa kuiwekea pete injini za kuirudisha. Toleo la kwanza lilikuwa pia na sura iliyoizungusha Dunia upande usio wake, na kosa hilo likasahihishwa katika matoleo ya baadaye. Mimi naheshimu sana utamaduni huo wa wasomaji kudai hesabu zikae sawa na mwandishi kukubali. Ninachosikitikia ni kwamba Teela wa kitabu hicho hakupata watetezi waliopita kwenye korido kwa ajili yake, ilhali naye ni hesabu iliyokosewa.

Wale wanaosema kwamba zama zilikuwa hivyo ningewaomba waangalie kalenda. Mwaka 1969, mwaka mmoja tu kabla ya Ringworld, Ursula K. Le Guin alichapisha The Left Hand of Darkness, riwaya ya sayari yenye baridi ambayo watu wake hawana jinsia ya kudumu, na kila mmoja anaweza kuwa mama au baba kwa nyakati tofauti. Ilipata tuzo ya Hugo na ya Nebula, tuzo kuu za fani hii, zile zile mbili ambazo Ringworld ilizipata baada yake. Mjumbe aliyetumwa huko, Genly Ai, mzaliwa wa Dunia, naye ana dhana finyu kuhusu wanawake, lakini dhana hiyo ndiyo inayomfanya asielewe anachokiona, na inamgharimu. Mwaka 1973, mwaka ule ule wa Rama, mwandishi aliyejulikana kwa jina la James Tiptree alitoa hadithi fupi kuhusu wanawake ambao wanaume hawawaoni kabisa, na baadaye ikabainika kwamba jina hilo la kiume lilikuwa la Alice Sheldon. Zama hizo, basi, zilikuwa na sauti zaidi ya moja, na wasomaji wale wale waliozipigia kura pande zote mbili walikuwa na uwezo wa kuzisikia.

The Dark Forest ni kisa tofauti, kwanza kwa sababu hakiwezi kusomwa peke yake. Lazima uanze na The Three-Body Problem, kitabu kilichompa Liu tuzo ya Hugo mwaka 2015, na humo utakutana na Ye Wenjie, mwanafizikia aliyemwona baba yake akipigwa hadi kufa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China na ambaye baadaye, akiwa kituoni kwake mlimani, anafanya uamuzi unaoamua hatima ya binadamu wote. Katika vitabu vyote vitatu ninavyovilinganisha hakuna mhusika wa kike, wala wa kiume, aliyejengwa kwa uzito kama wake. Ndiyo sababu kitabu cha pili kinauma. Shujaa wake, Luo Ji, anapewa mamlaka ya kuomba chochote duniani bila kueleza sababu, kwa kuwa adui, viumbe wa sayari nyingine walio njiani kuivamia Dunia, anaweza kusikia kila neno linalosemwa na hawezi kusoma mawazo. Luo Ji anaitumia nafasi hiyo kuomba atafutiwe mwanamke aliyembuni kichwani mwake, na serikali za dunia zinampata, kwa jina Zhuang Yan, naye anakuja, anakuwa mke na anazaa mtoto. Baadaye yeye na mtoto wanachukuliwa na kulazwa usingizi wa miaka mingi ili Luo Ji alazimike kufanya kazi. Msichana ameanza kama zawadi na kuishia kama rehani, na katikati hapo hatusikii alikuwa akitaka nini yeye mwenyewe.

Lakini ulimwengu wa Liu una nguvu ya ajabu. Unasimama juu ya misingi miwili: kwamba kuishi ndiyo haja ya kwanza ya kila ustaarabu, na kwamba staarabu zinakua ilhali maada ya ulimwengu haiongezeki. Kutoka hapo anafikia picha ya anga kama msitu wenye giza, ambamo kila mwindaji ananyamaza kwa kuwa anayejulisha mahali alipo anauawa. Mantiki hiyo inamfuata msomaji hata usiku, na inasimama bila msaada wa Zhuang Yan. Kasoro imekaa kwenye kiungo kinachounganisha hoja na moyo wa shujaa, mahali ambapo tunaombwa tuamini kwamba mapenzi ndiyo yaliyomwamsha, na mapenzi hayo ni ya mtu mmoja kwa ndoto yake mwenyewe. Katika kitabu cha tatu tatizo linabadilika sura, kwa kuwa uamuzi wa Cheng Xin, mhusika wake mkuu wa kike, wa kutobonyeza kitufe cha kumtisha adui unahusishwa mno na umama wake, na zama za amani zinachorwa kama zama ambazo wanaume wamelainika na kufanana na wanawake. Nimewasikia wasomaji wanaomtetea mwandishi kwa kusema kwamba huo ni mtazamo wa wahusika wa zamani walioamka usingizini. Utetezi huo una ukweli wake, ingawa hadithi yenyewe inawapa haki mara nyingi mno.

Kwa msomaji anayeanza, au mwenye siku mbili tu za mapumziko, ninapendekeza Rama bila kusita. Ni kitabu kifupi, sura zake ni fupi mno kiasi kwamba moja inaisha kabla kivuko hakijafika Kigamboni, na kasoro yake inaweza kusomwa, kukasirikiwa na kupitwa. Mwenye subira ya kurasa nyingi na anayependa kubishana kuhusu siasa na hofu za mataifa atapata zaidi kwa Liu, mradi aanze na kitabu cha kwanza na asisite kuzipita kwa haraka zile kurasa za jumba la Luo Ji kando ya ziwa. Ringworld nimeiweka ya mwisho, nikiwa ninajua kwamba hakuna kitu kilichobuniwa katika vitabu hivi kinachozidi pete ile. Mtu aliyekwisha kusoma kiasi, anayejua kutenganisha mhandisi na msimulizi ndani ya mwandishi mmoja, atafurahia ile safari juu ya ardhi isiyo na upeo. Kwake yeye ningependa ainunue pamoja na The Left Hand of Darkness, akianza na Niven kisha Le Guin, kwa sababu vitabu hivyo viwili vya jirani vinasomana vizuri, na dosari ya kimoja inaeleweka zaidi mbele ya kingine.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiviache vyote na kusoma waandishi wa kike wa fani hii kama Octavia Butler au Nnedi Okorafor. Wasomwe, tena kwa moyo wote. Ila kiu ya kusimama ndani ya kitu kilichojengwa na mikono isiyojulikana, na kukipima kwa hatua zako mwenyewe, ni kiu ya aina yake, na msichana ana haki nayo kama mvulana.

Mara nyingi wazazi na dada wakubwa huniuliza wampe kipi binti wa kidato cha tatu au cha nne anayependa fizikia. Ninawajibu wampe Rama, na kabla hajaianza wamweleze waziwazi kwamba kuna ukurasa ambao nahodha anawaza upuuzi kuhusu wanawake angani, na kwamba Tereshkova alikwisha kuruka miaka kumi kabla upuuzi huo haujaandikwa. Wasiuchane ukurasa wala wasiufiche. Akishamaliza, wamwombe awaeleze kwa nini genge la kusini ni refu kuliko la kaskazini, na akiweza kulieleza vizuri, wamtafutie Liu.